Mahali pa Kugongea Chuma

Mtendaji ameniambia niandike polepole, kwa sababu sasa hakuna maji yanayonikimbiza. Ndivyo ninavyoandika. Shule niliishia darasa la saba, na tangu hapo kazi yangu ya kuandika ilikuwa mstari mmoja kwa siku: mvua imenyesha, mvua haijanyesha, maji yako nguzo nyeupe. Mnisamehe pale ambapo maneno yatakuwa mafupi.

Nilikuwa mlinzi wa korongo la kijiji chetu kwa misimu sita ya mvua. Nimestaafu nikiwa na miaka ishirini na sita, na dada yangu anayeishi Katesh akisikia neno kustaafu anacheka mpaka anaweka simu chini. Ninaacha kwa sababu naolewa Maretadu, na mtu hawezi kulinda korongo asiloliona. Habari za mshahara siandiki, maana haukuwepo. Nilipewa koti la mvua, na lilikuwa la mtu mnene. Ninaandika kwa ajili ya Elibariki anayepokea kazi, na kwa walinzi wa vijiji vingine vyenye makorongo kama letu, kwa sababu kuna jambo moja ambalo hakuna aliyenifundisha. Nililijua siku ambayo kwa mtu mmoja lilikuwa limeshachelewa.

Korongo letu linatoka msituni juu, linapita chini ya nyumba yetu, linakata kijiji katikati na kuishia kwenye mchanga karibu na shule. Kwa miezi mingi ya mwaka halina maji, na hiyo ndiyo shida yake. Kitu kikikaa kikavu muda mrefu watu wanakizoea. Kwetu korongo ndiyo barabara. Wanafunzi wanapita humo, punda wenye mizigo wanapita humo, harusi zinapita humo na vigelegele vyake. Njia za kingoni zina miiba na mawe. Korongo lina mchanga laini. Mtu wa chini akitaka kuja kwetu juu hafikirii, miguu yenyewe inampeleka korongoni.

Kazi ilianza pale tulipoletewa mtendaji mpya wa kijiji kutoka Tanga. Ni mtu mpole, wa swala tano, na alikuwa hajawahi kuona korongo kavu likijaa huku jua linawaka. Aliliona wiki yake ya tatu, punda wawili wa jirani walipopita mbele ya ofisi yake miguu juu. Akaitisha mkutano. Akasema nchi haianzii Dodoma, inaanzia hapa tulipokaa, na kila raia ana zamu yake. Kisha akauliza ni nani anakaa juu kabisa. Watu wote wakageuka kunitazama. Nilikuwa nimekaa nyuma ya mama yangu ili nisionekane.

Akaniuliza kama nitaweza. Nikajibu. Akaniuliza tena. Mwenyekiti wetu, Baba Daniel, akamwambia, "Mtendaji, ameshakubali. Huyu akiongea ni kama anasali. Sogea karibu utamsikia."

Watu wakacheka, na hivyo ndivyo nilivyoajiriwa.

Siku ya kwanza tulisimika nguzo tatu kwenye kona, hatua chache juu ya nyumba yetu, mahali ambapo korongo linabanwa na miamba miwili. Magogo yanayoshuka kutoka msituni hukwama hapo. Maji yanajaa nyuma yake kama maziwa yanayopanda kwenye sufuria, halafu magogo yanaachia na yote yanashuka kwa pamoja. Nguzo ya chini tuliipaka rangi nyeupe, ya kati njano, ya juu nyekundu. Maji yakigusa nyekundu, alisema mtendaji, gonga.

Cha kugonga kilikuwa rimu ya lori. Baba Daniel aliitafuta Katesh, kwa mafundi wanaotengeneza malori ya njia ya Singida, akaileta juu ya basi. Tuliitundika kwenye mti wa mringaringa mbele ya nyumba yetu, ukingoni kabisa mwa korongo, ili nisipoteze muda kukimbia. Nikapewa na kipande cha nondo. Kila mtu aliona ni akili nzuri. Hata mimi.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Boay. Miaka ya nyuma, kabla ya nguzo na daftari, yeye ndiye aliyekuwa akiwaambia watu maji yanakuja, kwa masikio yake tu. Baadaye masikio yalizeeka kabla yake. Asubuhi ya kwanza nilimsalimia shikamoo babu, akanitazama mdomo.

"Marahaba," akasema. "Uso umefika, mjukuu. Sauti imebaki nyumbani."

Alinifundisha kutoangalia mvua ya kijijini, bali rangi ya msitu. Ukiwa mweusi huku kwetu kuna jua, hiyo ndiyo siku yenyewe. Alinifundisha kwamba maji ya kwanza ni membamba, hayatishi, lakini yakibeba majani makavu na samadi ujue nyuma yake yapo mengine. Alinifundisha kushika mchanga wa korongo kwa kiganja. Ukiwa wa baridi wakati jua limeukalia tangu asubuhi, kuna kitu kinakuja kwa chini. Alisema ng'ombe wanajua kabla ya watu, ila hawana mahali pa kuripoti. Sauti za watu alikuwa hazisikii tena, mpaka umpigie kelele sikioni. Lakini chuma alikisikia. Alisema kinamwingilia miguuni.

Hapa lazima nieleze jambo ambalo watu wa kwetu wanalijua na wageni hawalijui. Kwetu yowe likipigwa, unakwenda. Hukai kuuliza. Inaweza kuwa mwizi wa ng'ombe, moto, fisi zizini, mtu ameanguka kisimani. Anayekula anaacha tonge, anayepika anaacha sufuria motoni na kubeba mtoto mgongoni. Unakimbilia kule yowe linakotoka, kwa njia iliyo fupi. Asiyekwenda anatengwa. Hasalimiwi, hapewi moto wa kuwashia, na akifiwa atachimba kaburi peke yake. Ni adhabu ya kimya na inaogopwa kuliko polisi.

Mzee Boay alijivunia jambo moja maishani, na halikuwa ng'ombe wala watoto. Alijivunia kwamba tangu apate akili hajakosa yowe hata moja. Siku ya harusi yake yenyewe aliondoka, akarudi na damu ya fisi kwenye shati jeupe, akamkuta bibi harusi analia. Mkewe, Mama Yustina, bado alikuwa anamsimanga kwa hilo miaka yote niliyowajua.

"Wengine wana vyeti ukutani," aliniambia. "Mimi nina hicho."

Kiangazi kile tulifanya jaribio. Mtendaji alisimama chini ya mringaringa na saa yake, akaniambia nigonge. Niligonga huku naogopa kitu kimoja tu: kwamba hawatakuja. Nani aache kupukuchua mahindi yake kwa ajili ya msichana asiyejua hata kusema kwa sauti? Lakini walikuja. Walitokea korongoni wakihema, wanaume kwa fimbo, wanawake kwa majembe, wavulana wakubwa wa shule mbele. Wa mwisho alikuwa Mzee Boay, kiatu mguu mmoja. Alipotukaribia aliinua fimbo juu na kusema, "Nipo." Mama Yustina akamwambia kiatu kingine hakipo. Aliyekosekana alikuwa Safari peke yake, ambaye akishakula hulala, na kijiji kizima kinajua.

Mtendaji alifurahi sana. Alitushika mkono mmoja mmoja. Alisema nchi yenye watu wa namna hii haina cha kuogopa. Na mimi nilifurahi.

Nimeifikiria siku hiyo mara nyingi kuliko siku nyingine yoyote. Tulisimama pale wote ukingoni, tukapongezana, na hakuna aliyejiuliza tumekuja kwa njia gani. Mtendaji alidhani tunaelewa kwamba kengele ya maji inafukuza. Sisi tulidhani anaelewa kwamba kengele yoyote inaita.

Misimu miwili ikapita bila nyekundu. Nataka mwanangu Elibariki ajue (namwita mwanangu ingawa ananizidi kimo) kwamba hofu ya kazi hii haina kelele. Nilikula nimesimama. Nilioga haraka haraka. Niliogopa kugonga bure na kuwatoa watu kwenye maharage yao, maana wangekuja, na mara nyingine wangekuja kwa kusitasita. Niliogopa pia kuchelewa. Nilikuwa nikisukwa nywele nageuza shingo kutazama nguzo, mpaka mama akaacha kunisuka, akaniambia nitafute mtu mwenye mikono mirefu.

Msimu wa tatu, mwezi wa nne, saa tisa mchana, msitu ulikuwa mweusi kama chungu. Kijijini jua liliwaka. Watu walikuwa wanapalilia, na nilisikia mtu akiimba kwenye shamba la chini. Niliteremka nikashika mchanga. Ulikuwa wa baridi. Nikapanda juu ya mwamba wangu wa kuangalizia. Maji membamba yalikuwa yamefika kwenye kona, yamebeba majani makavu na samadi. Yakakwama kwenye magogo, yakaanza kupanda. Nyeupe ikapotea kwa muda kama wa kukamua ng'ombe mmoja. Njano haikuchukua hata muda huo.

Nyekundu ilipoguswa niligonga. Niligonga kwa mikono yote miwili, sijui mara ngapi. Kisha nikarudi mbio juu ya mwamba kutazama magogo kama bado yameshika, na kabla sijageukia kona nikaona chini.

Walikuwa wanakuja. Walikuwa ndani ya korongo, mstari mrefu, kwa fimbo na majembe. Mama yangu alikuwa karibu na mbele, kanga ameifunga kiunoni. Nyuma yake wavulana wa darasa la saba na mwalimu wao. Walikuja vizuri. Sijawahi kuona watu wakija vizuri namna ile, bila kusukumana, wenye nguvu wakiwashika mkono wenye watoto. Na mimi ndiye niliyewaita.

Nilipiga kelele warudi. Sauti haikufika hata kwa mbuzi wetu. Nikapunga mikono yote miwili kuwafukuza. Baba Daniel aliyekuwa mbele aliniona, akanipungia na yeye, akawageukia wenzake nadhani kuwaambia nawaharakisha. Wakaongeza mwendo.

Watu wanasema hofu inakimbiza. Mimi ilinigandisha. Nilisimama pale nikiangalia magogo, nikiangalia mama, magogo, mama. Nilikuwa nimeogopa miaka mitatu kwamba watu hawatakuja. Sikuwa nimefikiri hata mara moja kuwaogopea watu wanaokuja.

Kisha nikaelewa. Siwezi kuwarudisha. Mtu wa kwetu harudi nyuma kwenye yowe. Nikitaka watoke korongoni lazima yowe litoke mahali pengine.

Nyuma ya nyumba yetu kuna njia ya mbuzi inayopanda kilimani kwenye kigango, kanisa letu dogo. Nilikimbia njia ile kwa magoti na mikono. Nilipofika kwenye ukuta wa kigango nikaweka kiganja mdomoni kama wanavyofanya mama zetu, nikapiga yowe. Sijui sauti ile ilikuwa inakaa wapi siku zote. Nilipiga mpaka nikaonja damu. Nikaona mstari umesimama. Nikasikia mwanamume mmoja akisema, "Si kwa chuma. Liko juu, kigangoni." Wakaacha mchanga, wakapanda ukingo kwa kushika miiba. Wavulana wakawavuta wanawake, wanawake wakawapitisha watoto kwa waliokwisha kufika juu. Mama yangu alipofika kwangu alitaka kuniuliza fisi yuko wapi.

Lakini mimi nilikuwa namwona mtu mmoja bado chini.

Mzee Boay alikuwa amechelewa kama kawaida yake. Alikuwa amejitokeza peke yake kwenye kona ya chini, anatembea katikati ya mchanga kwa fimbo yake. Chuma alikuwa amekisikia. Yowe langu hakulisikia. Alikuwa anakwenda kwenye mringaringa, mahali alipoitwa. Sote tukapiga kelele kwa pamoja, kilima kizima. Vijana wawili wakaanza kuteremka, Baba Daniel akawakamata mashati, kwa sababu wakati huo magogo yalikuwa yameachia na tulisikia mlio kama magunia mengi ya mahindi yanaangushwa sakafuni.

Mzee aliinua macho akatuona kilimani, kijiji chote. Akainua fimbo juu, kama mtu anayeitika jina lake. Alikuwa amevaa viatu vyote viwili.

Tulimpata kesho yake kwenye mchanga wa chini ya shule. Siandiki zaidi ya hapo.

Baada ya mazishi palikuwa na mkutano, kwa sababu baada ya yowe lazima kuwe na mkutano. Desturi ni kwamba kwanza wanatajwa wasiokuja. Baba Daniel alisimama na karatasi, akasoma kaya nne, Safari akiwa wa kwanza. Safari akainuka bila kuambiwa, kofia mkononi. Alisema alisikia chuma, akageuka upande wa pili akalala. Hakujitetea. Alisubiri kutengwa kwake. Na watu wote tukatazama chini, kwa sababu tulikuwa tunamwona mtu mvivu aliye hai, na hatukujua la kufanya naye. Mtendaji alikuwa amekaa na mikono usoni.

Nikasimama. Haikuwa ujasiri, ni kwamba nilikuwa siwezi kukaa zaidi.

"Nilipogonga," nikasema, "niliwaita kwenye maji."

Mtu wa nyuma akasema hajasikia. Nikarudia. Mara hiyo nadhani walisikia wote, maana hakuna aliyecheka. Mtendaji akainuka, akasema kosa ni lake, yeye ndiye aliyechagua mti. Baba Daniel akasema ni lake, alileta chuma. Wakaanza kugombania kosa kama watu wanaogombania kulipa chai.

Mama Yustina aliwanyamazisha. Alikuwa amekaa kwenye kigoda na nguo nyeusi, fimbo ya mzee magotini.

"Mume wangu hakuitwa na maji," akasema. "Aliitwa na kijiji, akaenda. Msimwondolee hilo, ndilo alilokuwa nalo. Na huyo Safari mwacheni. Akabebe kile chuma, akipandishe kilimani."

Safari alikibeba peke yake, begani, kwa njia ya mbuzi. Alikataa kusaidiwa. Sasa kinaning'inia kwenye boriti ya kigango, na mlinzi ana kijumba chake pale pale, na nguzo zinaonekana kutoka mlangoni. Tunafanya jaribio kila kiangazi. Watu wamejifunza kuja kwa njia za kingoni, miiba na yote, na anayeonekana korongoni siku ya jaribio ndiye anayetajwa mkutanoni. Mama Yustina huja na ile fimbo. Mwalimu anawaambia wanafunzi kwamba kuitumikia nchi si kukimbia tu, ni kujua unakimbilia wapi. Ni maneno mazuri. Mimi ningeongeza kwamba anayeita naye ana deni kwa wanaoitika, na ni zito kuliko la kwao. Wao wanatoa miguu yao tu. Njia wameshakuachia wewe.

Nililinda misimu mitatu zaidi. Nyekundu iliguswa mara moja, watu wakapanda wote, maji yakapita bila mtu. Wakanishukuru. Usiku ule sikula, na msimu mzima mikono haikuacha kutetemeka. Haijaacha bado, angalieni mwandiko.

Basi Elibariki, nguzo ya njano inahitaji rangi. Daftari liko kwenye mkebe, panya hawalifikii. Usiogope kwamba hawatakuja. Watakuja, hata usipostahili. Kabla hujainua nondo, tazama miguu yako imesimama wapi, kwa sababu hapo ndipo watakapokuja wote.

Wiki iliyopita tulikabidhiana kazi. Aligonga yeye kwanza, watu wakapanda, Safari akiwa mbele. Nikawahesabu, wakatimia. Kisha wakaniambia na mimi nigonge mara moja ya kuaga. Niligonga. Wao walikuwa wananitazama mimi, mimi nilikuwa natazama korongoni, kwenye ile kona ya chini. Mchanga ulikuwa mtupu. Nikakikumbatia kile chuma kwa mikono miwili, nikakishika hivyo mpaka kikaacha kutetemeka, ili kama kuna mtu bado yuko njiani kisimfikie miguuni.